Kiingereza cha Mjomba Mchopa

Sisi tuliosoma enzi za ujamaa tulikalia magogo, tukaandika chini kwa kijiti mpaka daftari lilipopatikana, lakini Kiingereza tulikipata kwa waliokisikia kwa wenyewe. Watoto wa leo wanafundishwa na simu, maskini, na wanadhani wamebahatika. Sisi watoto wa Kilangala tulikuwa na Mjomba Mchopa.

Mjomba, kaka yake mama, alifanya kazi Nachingwea, kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza, akiwashikia spana mafundi wa matrekta. Karanga zikakataa kuota, Waingereza wakafungasha, Mjomba akarudi nyumbani na ovaroli moja na Kiingereza chote. Kilikuwa Kiingereza cha kumeza herufi. Maji kwake yalikuwa "wo-a". Siagi, ambayo hakuna aliyepata kuiona pale kijijini, ilikuwa "ba-a". Barua "le-a", nyumba "ausi", tatu "frii", na mama mzazi "mava". Jioni tukibangua korosho barazani kwake, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda, alitukaririsha. Mtoto akitamka herufi zote, Mjomba humwambia akohoe kidogo, neno lipite. Tuliamini Malkia mwenyewe husema hivyo akishikwa na kiu.

Basi akaja Mwalimu Mapunda, kijana kutoka Songea, katoka chuoni na suruali pana za kufagia vumbi. Yeye herufi za neno alizigonga zote, hakusamehe hata moja. Aliposikia darasa zima linasema "wo-a", aliuliza nani katuroga, kisha akatuchapa. Ukisema "wo-a" shuleni unakula fimbo, ukirudi nyumbani ukasema "wota" Mjomba anasikitika kama kafiwa. Ndiyo elimu yetu ilivyokuwa, yenye manufaa pande zote.

Wakati huo kijiji kilikuwa kimehamishiwa mahali papya, pazuri sana, kando ya barabara, pana kila kitu isipokuwa maji. Viongozi walikuwa wakituambia kila mkutano kwamba Kiingereza ni kasumba ya mkoloni. Waliposikia kuna Mzungu wa visima anakuja kutoka Lindi, kasumba ikatafutwa mbio. Risala ya kuomba kisima ikaandikwa kwa Kiingereza, na msomaji nikachaguliwa mimi, msichana wa darasa la saba. Nikisoma vizuri ningepelekwa Lindi mjini kusoma tena siku ya Saba Saba. Lindi mjini! Nilikuwa sijapata kuona hata taa ya umeme.

Mjomba alitangaza kijiji kizima kwamba mimi ni kazi ya mikono yake. Akanunua kanga mpya ya kunituza.

"Ukifika kwenye maji nasimama," akaniambia. "Nitakutuza mbele ya watu wote."

Mwalimu Mapunda naye akaniita pembeni. Akasema nikimeza herufi hata moja, Lindi atakwenda binti wa katibu wa kijiji, ambaye alikuwa akiikariri ile risala kwa siri nyuma ya choo cha shule. Sikulala vizuri wiki nzima. Nilimpenda Mjomba, na Lindi niliitaka.

Siku ikafika. Mzungu akapewa kiti pekee chenye mgongo, nami nikaanza kusoma. Nilipokaribia mstari wa maji nikamwona Mjomba, ndani ya ovaroli iliyopigwa pasi, ameshainuka, anakuja na kanga mikononi, na wanawake wameshaanza vigelegele. Nikasema "wota". Nadhani waliisikia mpaka Mtama.

Mjomba akasimama katikati ya uwanja. Halafu akaja, akanitandazia kanga mabegani taratibu, akaninong'oneza kwamba nimesoma vizuri, akapita nyuma ya watu akaenda zake. Niliona aibu, na mpaka leo ninaiona.

Nikamaliza kusoma, Mzungu akainuka kujibu. Akashukuru, akajikuna kichwa, akasema shida ya wilaya nzima ni "wo-a". Uwanja wote ukageuka kumtafuta Mjomba. Mwalimu Mapunda akawa anatazama viatu vyake.

Nilikimbia mpaka nyumbani kwa Mjomba. Nikamkuta ameshavua ovaroli, anafagia maganda ya korosho. Nikamwambia Mzungu amesema kama yeye, wallahi tena. Akatabasamu.

"Una moyo mzuri, mwanangu," akasema. "Lakini usiape uongo kwa ajili yangu."

Watu wazima nao wakaja kumwambia. Bahati mbaya waliotangulia walikuwa watani zake, na mtani tangu lini akaaminiwa? Kadiri walivyoapa, ndivyo alivyozidi kucheka na kuwaambia wamefanya vizuri, utani umekolea.

Lindi nilikwenda, na taa za umeme niliziona. Kisima kilikuja baada ya miaka, viongozi wakapiga hotuba kwa Kiswahili.

Leo mjukuu wangu wa Dar es Salaam anameza herufi anavyotaka, kajifunza kwenye simu, na mama yake anawaita majirani waje wamsikilize mtoto alivyo na akili. Hakuna wa kumchapa. Ninamsikiliza tu. Wajomba wa siku hizi wanatuma pesa kwa simu tu, hawana habari mtoto anatamka nini. Wangu aliishi miaka mingi baada ya ile siku, akizungumza na kila mtu, akitania kila mtani, na mpaka tunamzika hakutamka tena hata neno moja la Kiingereza.