Mtoto Asiyelishwa Nzuu

Mchanga wa mto ukichimbwa wakati wa kiangazi una harufu yake, harufu ya chuma baridi na majani yaliyooza. Kila nikiipata, hata juzi hapa Emali walipokuwa wakichimba msingi wa duka, namkumbuka punda wetu mmoja wa kule Kalamba. Hakuwa na jina. Hatukuwa watu wa kuwapa punda majina. Alikuwa mvivu, mwizi wa mahindi, na alikuwa na tabia ya kujamba akipandishwa mzigo, mpaka mama akawa anaona haya kumpitisha karibu na kanisa. Lakini siku moja mto umekauka, tumechimba kisima mchangani, maji yametoka maangavu kabisa, punda akayanusa, akarudi nyuma. Akavutwa masikio. Akachapwa. Akakataa. Basi babu yangu, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza kitu chochote chenye miguu, akasema huyu mnyama anajua kitu. Kisima kikafukiwa. Wanaume wazima wakatoa jasho nusu siku kuchimba kingine huko juu, kwa sababu punda amesema hapana.

Nilikuwa mdogo, nilicheka. Sasa ni mzee na sicheki tena. Maana mimi nami niliwahi kukataa kitu kimoja, nikakataa kwa mdomo wenye maneno ndani yake, na hakuna mtu aliyefukia kisima.

Kitu chenyewe ni nzuu. Wengine mnaziita mbaazi. Kwetu Ukambani ukisema huli nzuu ni kama umesema hupumui. Zikiiva mashambani watu wananenepa, mbuzi wananenepa, hata madeni yanasahaulika kidogo. Zinaliwa mbichi, zinaliwa kavu, zinachemshwa na mahindi kwenye chungu kimoja kutoka asubuhi, na mvuke wake unaingia kwenye blanketi na nywele. Watu wakiusikia mvuke huo wanameza mate. Mimi nikiusikia, mpaka leo, mkono unapanda wenyewe unashika koo.

Mama aligundua nikiwa bado natambaa. Niliokota moja iliyoanguka mkekani, nikaisaga kwa ufizi, uso ukavimba mpaka macho yakapotea. Tangu siku hiyo akawa na kasufuria kadogo, keusi, ka mahindi yangu matupu, na mwiko wake wa peke yake. Ole wako uchukue mwiko ule uutie kwenye chungu kikubwa. Hakuipa hali yangu jina. Alisema tu kwamba mwili wa mtoto haujui kusema uongo, basi. Nyumbani nilikuwa mtoto kama wengine. Nilichapwa kama wengine, nilifukuza ndege mtamani kama wengine. Sikujua kwamba nina shida. Shida nilipewa Mbumbuni.

Baba alifanya kazi ya reli hapa Emali, akaamua mimi nikakae kwa kaka yake huko Mbumbuni, kwa sababu shule ilikuwa karibu na boma lake. Baba mkubwa alikuwa mzee wa kanisa, na sauti yake ikijaza jengo bila kipaza sauti. Mama alinipeleka mwenyewe, na langoni akasema mara mbili, polepole, kama mtu anayekabidhi kitu cha kuvunjika: huyu mtoto halishwi nzuu. Baba mkubwa akacheka, akasema mdomo unaochagua haujakutana na njaa. Nimpe haki yake: yeye alikutana nayo. Utotoni mwake walichemsha ngozi za kulalia wakazila. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuna chakula kinachoua, anakuona mwendawazimu au mwenye majivuno. Nimempa haki yake, na hapo imeisha. Sitampa nyingine.

Mkewe hakucheka. Mama mkubwa alikuwa mwanamke mwembamba, mtu wa maneno machache, aliyeolewa kutoka Kitui, upande wa Mwingi, na hilo peke yake lilitosha kwa midomo ya Mbumbuni. Eti wanawake wa huko wanajua dawa. Tena hakuwa amejaliwa mtoto, kwa hiyo midomo ilikuwa na mfupa wa pili wa kutafuna. Yeye alisikiliza maneno ya mama. Kila siku aliniwekea mahindi yangu kando kabla hajamimina nzuu chunguni, mume wake akimwambia anaharibu mtoto wa watu.

Lakini boma si la watu wawili. Kulikuwa na wageni, kulikuwa na kazi ya shamba ambapo watu wote wanakula pamoja, kulikuwa na kwa jirani. Na kwetu ukikataa chakula cha mtu, hujakataa chakula. Umemwambia mbele ya watoto wake kwamba mkono wake una sumu. Mimi nilikuwa nakataa kwa adabu, natazama chini, nasema nimeshiba, na kila nyumba niliyoshiba namna hiyo ilibaki imenuna. Nikaanza kujificha saa za kula. Na nikipewa kitu nisichoweza kukikimbia, niliinama juu ya sahani nikitafuta punje moja moja, muda mrefu, mpaka watoto wa shule wakadhani naomba. Wakaniita Askofu. Walikuwa wakisimama kando ya sahani yangu wameinamisha vichwa, na mmoja anasema, "Askofu, maliza, chakula kinapoa, hata Mungu ameshaanza kula." Ilichekesha. Nilicheka nao. Usiku nililia kwa sababu ya njaa, si kwa sababu ya matusi. Matusi hayachomi kama tumbo.

Sasa nifike pale ninapopataka na nisipopataka.

Jioni moja mama mkubwa alikuwa ameenda mtoni na jua lilikuwa halijazama. Baba mkubwa akanipakulia ugali yeye mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaumwagia mchuzi mzito wa mboga. Nikafurahi. Niliona leo ananipenda. Nikala haraka, bila kuinama, bila kutafuta, kwa sababu mtu mzima ameniwekea kwa mkono wake. Nilipomaliza akajipiga paja, akacheka, akasema, "Umeona? Umekula nzuu na hukufa. Sasa wewe ni mwanamume." Alikuwa amezisaga kwenye mchuzi.

Alikuwa bado anacheka midomo yangu ilipoanza kuwasha. Halafu masikio. Halafu koo, likijikaza kama mdomo wa gunia unaofungwa kamba. Nakumbuka nikitazama uso wake ukibadilika, na nakumbuka alisimama tu. Alisimama, mikono chini, kama mtu aliyesahau kilichomleta. Mama mkubwa ndiye aliyeingia, akatupa mtungi, maji yote ya mtoni yakamwagika uani, akanibeba mgongoni mimi mvulana mzima wa miguu mirefu, akakimbia nami mpaka dispensari. Alipita katikati ya soko. Soko lote liliona. Nilidungwa sindano, na baada ya muda hewa ikarudi kidogo kidogo, kama mtu anayeingia nyumba asiyoifahamu.

Sindano ilirudisha hewa. Kuna kitu haikurudisha. Baada ya siku ile hata ugali mtupu niliuona kama mtego. Koo lilijifunga lenyewe kwa woga, hakuna nzuu, hakuna chochote, na mimi sikuweza kujua ni ugonjwa au ni woga, kwa sababu vyote viwili vina mkono mmoja. Nililala nimeshika shingo. Nilikonda mpaka mwalimu akaacha kunichapa. Hadi leo nikialikwa arusi nakula kwangu kwanza, na nikifika naketi karibu na mlango. Watu wanasema mzee huyu ana maringo. Waache waseme.

Tukizungumza habari ya arusi: mwaka huu kulikuwa na moja hapa Emali, na mama mmoja kijana akawafuata wapishi akawaambia mtoto wake ana aleji ya njugu. Neno hilo, aleji, alilisema kama mtu anayesema mtoto ana kiu. Wapishi wakasema sawa, wakampakulia wali mweupe, wakaendelea na kazi. Ndiyo hayo tu! Nilitoka nje nikasimama nyuma ya hema, na si kwa furaha. Nilishikwa na hasira ambayo sikujua naimiliki bado. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Kumbe ilihitaji mtu mmoja kuuliza na mtu mmoja kusema sawa.

Turudi. Soko liliona mwanamke wa Mwingi amebeba mtoto wa mwenzake, uso umefura kama mkate, na soko likafanya hesabu yake. Nani anampikia? Ni yeye. Na mtoto huyu si ndiye anayekataa chakula kila mahali? Ameona kitu. Mtoto haoni bure. Basi ile hofu yangu ya miezi mingi, kule kujificha kwangu, kule kuinama kwangu, vyote vikageuzwa ushahidi dhidi ya mtu pekee aliyeniwekea mahindi kando. Kwenye matanga wanawake wenzake walimpokonya mwiko wakamtuma kuni. Wakaendelea kumtuma kuni miaka yote iliyobaki, nilikuja kuambiwa na binamu yangu. Mpaka amezeeka, hajawahi tena kukoroga chungu cha watu.

Na baba mkubwa alijua. Neno moja tu kutoka kwake, "ni mimi niliyemlisha nzuu," lingemaliza yote. Neno lenyewe halikutoka. Alikuwa mzee wa kanisa. Angewezaje kusema alimlaghai mtoto akakaribia kumzika?

Badala yake alitafuta njia ya kusafisha jina la nyumba bila kuchafua lake. Aliita majirani na wazee wenzake wa kanisa, siku ya Jumapili mchana, waje waone kwa macho yao mtoto akila kutoka mkono wa mama mkubwa. Na chakula kiwe kile kile cha siku zote, mahindi na nzuu, maana kikipikwa kingine watu watasema amekwepa. Mama mkubwa alimsihi amwache anipikie mahindi yangu. Nilimsikia akisihi jikoni. Akakataliwa.

Wakaja. Wakakaa kwenye viti na viroba. Baba mkubwa akaomba, sala nzuri, ndefu, yenye upendo mwingi ndani yake. Kisha mama mkubwa akaleta sahani ya bati, akala kijiko cha kwanza yeye mwenyewe wote wakimtazama, akapiga magoti mbele yangu. Mtu mzima, kunipigia magoti mimi. Akachota kijiko cha pili, akakileta mdomoni kwangu.

Akasema chini chini, "Kimoja tu, mwanakwa. Kimoja, kinitoe kwenye midomo yao."

Wakati ule niliona ananipa kifo. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba tulikuwa wawili tunaoogopa sahani moja, mimi kwa sababu nikila nitakufa, yeye kwa sababu nisipokula atakufa akiwa hai, na nikila nikavimba atakufa zaidi. Hakukuwa na mlango kwa upande wake. Waliujenga mtego huo watu wenye Biblia mapajani, na walikuwa wametulia kabisa.

Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Mama mkubwa si mchawi. Yeye ndiye aliyenibeba. Ni nzuu."

Wakacheka. Mzee mmoja mwenye kofia akauliza, "Nzuu zimekufanya nini, kijana? Zimekutukana?" Wakacheka tena, na mmoja akakohoa kwa kucheka mpaka akapigwa mgongoni.

Mimi nikamtazama baba mkubwa. Sikumtazama kwa hasira, hasira ilikuja baadaye na haijaondoka. Nilimtazama kama mtu anayengoja zamu ya mwenzake kusema. Mama mkubwa naye akageuza shingo, bado amepiga magoti, akamtazama. Nadhani alikuwa amekwisha kukisia ni nani aliyenilisha. Alikuwa na nafasi kubwa, baba mkubwa.

Akatazama viatu vyake. Akasema, "Kula, usitutie aibu."

Kwa muda mrefu niliwaambia watu nilikimbia kwa kuogopa kufa. Si kweli. Kufa nilikuwa nimekuzoea. Nilichukua kijiko mkononi mwa mama mkubwa, nikakilaza kwenye sahani, nikamshika kidogo bega, maana sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Sikuchukua daftari, sikuchukua shati la shule, na masomo yangu yaliishia hapo, darasa la tatu. Nikapita katikati ya miguu yao. Baba mkubwa aliniita kwa jina langu, ambalo ni jina la baba yake, mara ya kwanza kwa ukali na mara ya pili kwa namna nyingine. Nikafungua lango, nikalifunga nyuma yangu vizuri mbuzi wasitoke, nikashika njia ya kwetu Kalamba, na sikurudi.