Maneno ya Télesphore kwenye boti

Kazi ya Télesphore ilikuwa kusema. Kwenye boti ya mbao inayopita ziwani kutoka Moba kwenda Kalemie, Nicolas alishika usukani, Casimir alihudumia mota, naye Télesphore alikaa katikati juu ya magunia ya mihogo, akingoja mambo yaharibike. Yakiharibika, alianza kusema. Maana wimbi peke yake haliipindui boti upesi. Wanaoipindua ni abiria, wanaposhtuka na kukimbilia wote upande mmoja. Ndiyo maana alitakiwa mtu wa kuwakalisha kwa maneno.

Na maneno alikuwa nayo. Mota ikizimika, alisema, "Inapumua kidogo, Mama zangu. Hata pasteri anapumuaka katikati ya mahubiri." Maji yakiingia, alisema ziwa linawanawisha wageni wake. Watu walicheka, na mtu anayecheka hasimami.

Ubaya ni kwamba aliiweza kazi hiyo kupita kiasi. Miaka ilivyokwenda, abiria waligundua kwamba maneno matamu ya Télesphore huja na kifo nyuma yake. Akisema mota inapumua, akina mama walifunga watoto mgongoni. Baadaye hata akisema "Jambo, Papa," wanaume walivua viatu tayari kuogelea. Siku moja karibu na kijiji cha Mpala alipiga chafya, na nusu ya boti ikaanza Baba Yetu.

Nicolas akamkataza kufungua mdomo majini. Kumfukuza hakuweza, kwa kuwa abiria wasipomwona waliuliza amekimbia nini. Kwa hiyo akalipwa kwa kunyamaza. Nyumbani nako mambo hayakuwa tofauti. Akionja mboga ya majani ya mihogo na kusema, "Leo sombe ni tamu," mke wake Julie aliweka tonge chini na kuuliza, "Nani amekufa?"

Kisha ikaja siku walipopakia watu kijijini Zongwe, na kati yao alipanda Mama Arlette, mama mzazi wa Julie, na kuku wake wawili. Télesphore alihamia nyuma kabisa, akageuza uso. Mkwe hamtazami mama mkwe wake machoni, hamtaji jina, wala haongei naye ila kwa kupitia mtu. Kwa mara ya kwanza alifurahi kwamba amekatazwa kusema.

Katikati ya safari mota ikakohoa, ikafa. Upepo wa kusini ulikuwa umeamka, ukaigeuza boti ubavu. Casimir alivuta kamba, akavuta tena, bure. Watu wote wakamgeukia Télesphore. Akanyamaza.

"Hana neno!" mtu akapiga kelele. "Basi hii ni kubwa, haina hata neno!"

Papa Toussaint, muuzaji wa samaki wakavu, akainuka nusu. Nyuma yake wakainuka wengine. Boti ikalala upande, maji yakaruka ukingo. Télesphore aliona wazi: akiwatuliza, wataruka; akinyamaza, wameshaanza kusimama.

Hapo Mama Arlette akamwambia jirani yake kwa sauti, "Mama Noëlla, uniambilie ule mukwe wangu: siku alikuja kuomba mutoto wangu, mudomo haikufungika. Leo tunakufa, anakuwa bubu."

Mama Noëlla akafungua mdomo apeleke ujumbe. Télesphore hakungoja. Aligeuka, akamtazama mama mkwe wake machoni, akasema kwa kinywa chake mwenyewe:

"Arlette, nyamaza! Ile kuku ulinipikia siku ya ndoa ilikuwa ngumu, mpaka leo jino inaniuma!"

Boti nzima ikashikwa na ubaridi. Papa Toussaint akakaa chini taratibu, mkono mdomoni. "Amemuita jina," mtu akanong'ona.

"Ngumu?" Mama Arlette akajibu. "Na mapaja yote mbili nani alikula?"

"Nilikula kwa heshima!"

Hakuna aliyesimama tena. Télesphore akaelewa kwamba lazima aendelee, lakini maneno ya uongo yalikuwa yamemwishia. Yalibaki yale ya kweli.

"Unanilinganishaka na ule Bonaventure wa kule kijiji cha Bendera, sababu kwake kuna umeme!"

"Ndiyo! Ningelimupa yeye Julie amuoe!"

Jambo hilo Télesphore alikuwa amelihisi miaka yote, na siku zote alijiambia ni mawazo yake tu. Kisha wimbi likaja, akaendelea kugombana. Mota ilipowaka, abiria walimkemea Casimir apunguze kelele, hawasikii vizuri.

Bandarini Kalemie hakuna aliyesema asante. Walibeba kuku wa Mama Arlette, wakamsindikiza wote mpaka uani kwa Julie, kutoa ushahidi. Wakubwa wa ukoo wakaitwa. Abiria walisimama mmoja mmoja kueleza jinsi mkwe alivyomtaja mama mkwe jina, tena akimtazama usoni.

"Na maji ilikuwa inaingia?" mjomba wa Julie akauliza.

"Maji sikuona, Papa," akasema Toussaint. "Nilikuwa nasikiliza."

Faini ikawa mbuzi, na Télesphore asikanyage nyumbani kwa Mama Arlette mpaka mbuzi afike.

"Unakubali?"

Télesphore aliwatazama mashahidi. Mama Noëlla alikuwa akimnyonyesha mtoto. Wengine walikuwa wameshaanza kudai chakula. Kati ya wote waliopanda boti, hakuna hata mmoja aliyekosekana.

"Nakubali," akasema.

Julie, aliyesimama mlangoni, hakuuliza habari za boti. Alimvuta pembeni.

"Mama alisema kweli? Kuhusu Bonaventure?"

"Alisema."

Julie akatazama chini. "Nilijua," akasema, akaenda kumchemshia mama yake maji ya kuoga.