Siku Jumuiya Iliponikuta Juu ya Beseni

Nianze na aibu yenyewe ili tumalizane nayo: wanawake wa jumuiya yetu hapa Msamala wakinikuta sokoni wananiuliza habari za beseni kwanza, habari za mtoto baadaye, na kuna mmoja (simtaji, ila anajijua, na anauza maharage) ambaye akiniona tu anashika kiuno na kucheka mpaka wateja wanageuka. Acheni acheke. Hata mimi ningecheka, kama makalio yale yangekuwa ya mtu mwingine.

Sasa sikilizeni. Nilipojifungua Deo, mtoto wangu wa kwanza, nilichanika nikashonwa, na mama mkwe akaja kutoka Madaba kunilea kama desturi inavyotaka, akiwa na kuku, ulezi wa uji, na mikono ya mtu aliyeshika jembe tangu utoto. Uji wake, jamani, sina neno. Tatizo lilikuwa maji. Asubuhi na jioni sufuria linatokota, yeye anachovya taulo, analikamua kwa vidole visivyosikia moto, halafu analibandika tumboni, mgongoni, na kule kulikoshonwa, huku akiniambia, "Vumilia, mwanangu, damu mbaya inatoka," na mimi nauma kanga na kuona nyota mchana. Kumwambia mama mkwe kwamba anakuunguza? Thubutu! Mtu ameacha mahindi yake shambani kwa ajili yako, utaanzaje?

Kliniki nikamnong'oneza muuguzi. Akasema hayo ya moto niachane nayo kabisa, nikalie maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, nijikaushe vizuri, ninywe maji ya kutosha na kula mapapai ili choo kisiwe kigumu (maana kwenda haja siku zile ilikuwa ni kuagana na ndugu). Ushauri mzuri. Sasa badala ya kwenda kumweleza mkwe wangu hivyo hivyo, mimi nikajifanya mjanja. Nikarudi nyumbani natembea kwa madaha, nyuzi zinanivuta kila nikiinua mguu, nikamwambia, "Mama, nimepona! Muuguzi mwenyewe ameshangaa!"

Alifurahi yule mama, akapiga vigelegele peke yake uani. Akasema basi kesho yake atarudi Madaba akavune mahindi kabla ng'ombe wa watu hawajamsaidia, akachukua kikapu akaenda sokoni kununua vitu vya safari. Yaani nilichotakiwa kufanya ni kuonekana mzima mpaka apande basi, niokoke na sufuria lile.

Alipotoka tu, nikachemsha maji yangu, nikayapoza, nikatia chumvi. Mpango ulikuwa kukalia beseni bafuni. Lakini bafu letu liko nje, na mnaijua Songea mwezi wa saba, ule upepo wa baridi hauna adabu, nikajiuliza: baba Deo yuko Tunduru kikazi, mtoto kalala, nani ataniona? Nikaliburuta beseni mpaka sebuleni, nikaliweka kati ya kochi na gunia la mahindi, nikawasha televisheni, nikajitandazia kitenge kuanzia kiunoni mpaka sakafuni, nikakaa. Aisee! Ile raha haielezeki. Maumivu yakalegea, mabega yakalegea, na mimi mwenyewe nikalegea, nikapitiwa na usingizi nimeegemea gunia, mdomo wazi.

Kilichoniamsha ni wimbo. Kumbe jumuiya walikuwa wamepanga kuja kumpongeza mzazi, wamekutana na mama mkwe njiani, na yeye ndiye anawaongoza kuingia huku akitangaza, "Njooni mumwone mkwe wangu alivyopona! Mtadhani hakuzaa!" Sebule ikajaa wanawake, ndoo ya unga, sabuni, sukari, na mimi katikati yao nimetulia juu ya beseni kama kuku anayeatamia.

"Shikamooni, mama zangu," nikasema, sauti nyembamba.

"Marahaba. Mbona umekaa chini na makochi yapo?" Aliyeuliza ni Mama Mapunda, mwenyekiti wetu wa jumuiya, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo (mimi nilikuwa sijawahi kumwona meno).

"Niko kwenye kigoda, mama. Kinaninyoosha mgongo."

Mama mkwe akaniangalia. Kigoda alikuwa amekiacha jikoni mwenyewe asubuhi ile.

Tukaanza rozari. Mnaojua rozari ya jumuiya yetu mnajua haina haraka, kila tendo lina wimbo wake na kila wimbo una beti zake. Maji yakapoa, yakawa ya baridi kabisa, miguu ikafa ganzi. Deo akaamka akalia, maziwa yakachuruzika yakalowesha blauzi, wakaniletea nimnyonyeshe hapo hapo, nami nikamshukuru Mungu kwa moyo wote maana anayenyonyesha haambiwi asimame. Sala ya mwisho wote walisimama. Mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa, na Mama Mapunda akafungua jicho moja akanitazama nalo mpaka Amina.

Nikajua nimevuka. Nilikuwa nimesahau zawadi! Kwetu zawadi haitupwi mezani kama nauli, inaimbiwa, na anayepewa anainuliwa acheze. Mmoja akampokea mtoto, ngoma ya ndoo ikalia, na wanawake wawili wenye nguvu zao wakanishika makwapa.

"Hapana, mama zangu, nina kizunguzungu..."

"Inuka wewe! Mkwe wako kasema umepona!"

Wakaniinua. Sasa, mimi Mungu amenijalia nyonga, na beseni lile lilikuwa la nepi za mtoto, si la mtu wa aina yangu. Nilipoinuka, nalo likainuka. Limening'ang'ania nyuma, kitenge kimelifunika, nikawa na umbo ambalo Ruvuma nzima haijawahi kuliona, na wimbo ukafia njiani. Halafu likaachia. Paa! Maji yakasambaa sebule nzima, yakalowesha viatu vya watu, gunia, na sukari yangu ya pongezi.

"Chupa!" akapiga kelele bibi mmoja wa pale mlangoni. "Chupa imepasuka! Jamani, kumbe wa pili alibaki!"

Yesu na Maria! Huyu anapiga simu kwa bodaboda, yule kapiga magoti anaanza rozari upya, Mama Mapunda anaamuru, "Mlazeni! Mlazeni!" na mimi nimeshika kitenge kilicholowa kwa mikono miwili nikiapa kwamba hakuna wa pili, hakuna jamani, na hakuna anayenisikia.

Mama mkwe peke yake hakukimbia popote. Aliinama, akaliokota beseni, akaangalia chini yake, akachukua chembechembe zilizobaki akazisugua kati ya vidole.

"Hii ni chumvi," akasema.

Akalitua beseni, akanigeukia.

"Kwa hiyo hujapona."

Ningeweza kutunga uongo mwingine, lakini maji yalikuwa yananichuruzika mpaka kwenye ndala, akili imenigoma, nikaangua kilio mbele ya jumuiya nzima. "Mama, maji yako yananiunguza! Yananiunguza mno, naogopa kukuambia!"

Hata yule wa bodaboda akakata simu. Mama mkwe akakaa juu ya gunia, uso umemshuka, na hapo ndipo nilipoumia kuliko kwa maji yote ya sufuria, maana yule mama ananipenda, na nimemwaibisha mbele za watu.

Kisha akasema, "Nilipomzaa mume wako, mama mkwe wangu alinikanda hivi hivi. Nikamng'ata mkono. Kovu lile alikwenda nalo kaburini, na maji akapunguza moto siku ile ile. Wewe kila siku nakutazama, hung'ati, hupigi kelele. Nikasema, ngozi ya huyu mtoto wa watu ni ngumu. Nikawa naongeza kuni!"

Walicheka, jamani! Walicheka mpaka yule bibi wa chupa akaketi sakafuni kwenye maji, na meno ya Mama Mapunda nikayaona yote. Wakapiga deki, wakamaliza na zawadi, na wakati wa kuondoka Mama Mapunda akabaki nyuma, akaniinamia sikioni: "Ile chumvi unatia kiasi gani?" Akakohoa. "Namuulizia jirani."

Safari ya Madaba ikafa. Mahindi alivuna shemeji yangu, na mama mkwe alibaki mpaka nikapona kweli kweli, sufuria likarudi kupika maharage, na kila jioni ananiandalia maji ya chumvi, ananishika mkono anauchovya majini mwenyewe na kusema, "Haya, sema." Nami nasema. Yakizidi nasema, yakipungua nasema, sasa hivi hata chumvi ya mboga nasema, mpaka ananiambia nimezidi.

Mtoto wa pili akija namwita yeye yule yule, simtaki mwingine. Ila kunyamaza nimekoma, na nimeshamwahidi kabisa: siku maji yakizidi moto, nang'ata. Akakunja mkono wa gauni, akanionyesha pa kung'ata.