Kizima Mlio cha Lorene

Sungura walikuwa wanamaliza maharage ya Lorene bustanini, na kila akiwapiga risasi, mtoto wake alishtuka usingizini akalia mpaka sauti ikamkauka. Ndipo Lorene akasema atatengeneza mwenyewe kizima mlio cha bunduki yake ndogo, yaani kile kibomba kinachofungwa mdomoni mwa mtutu kupunguza sauti, kwenye mashine ya kukereza chuma aliyoachiwa na baba yake.

Dwight, kaka wa mumewe, alicheka mpaka kahawa ikampalia. "Shemeji, si ununue tu? Madukani vimejaa! Wewe fundi wa kukaanga kuku!"

"Na kuku wangu unamla," Lorene akamjibu. "Ukimaliza kucheka, osha kikombe."

Nchini kwao sheria iliruhusu mtu kujitengenezea, mradi apate kibali kwanza, basi akakiomba serikalini. Chuma hakukigusa hata kidogo mpaka kibali kilipotoka, maana kuanza mapema ni kujitafutia jela. Kipande cha kwanza alikiharibu, akanuna, akaanza upya. Ubavuni mwa kile kibomba akachonga namba, jina lake, na la mji na jimbo lao, kama sheria inavyotaka.

Siku ya kukijaribu, Dwight alikuja kushuhudia aibu. Mtoto alikuwa amelala chumbani, dirisha wazi. Lorene akalenga, akafyatua. Ulisikika mlio mdogo, kama mtu aliyefunga kitabu kwa nguvu. Sungura akaanguka. Chumbani kimya.

Dwight akajikuna shingo. "Shemeji, niazime Jumamosi nikawinde kindi."

"Hakiazimwi. Kimeandikishwa kwa jina langu, na sheria inataka niwepo mwenyewe kinapotumika. Ukikitaka, utanibeba mimi, mtoto, na nepi zake. Ukiona tabu, si ulisema madukani vimejaa?"