Nguo Mpya ya Kompyuta

Rafiki yangu, juzi nimefanya jambo la kitoto. Nimenunua kadi ya grafiksi, ile sehemu ya kompyuta inayochora picha za gemu, nikaipachika mwenyewe na kuwasha. Gemu ya mpira niliyotegemea iende kama maji ikaanza kuganda. Mchezaji anainua mguu, anakaa nao hewani, ukipepesa macho mpira uko golini. Nikasasisha programu, nikapunguza ubora wa picha, nikapuliza vumbi, wapi! Mwisho nikajikuta napapasa juu ya kompyuta kwa kiganja, natafuta kitambaa. Hapo nikakaa sakafuni nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Kwa bibi yetu, Tabora mjini, kila kitu kilivaa nguo. Redio, jagi la maji, mikono ya makochi, hata deki ya video iliyokufa zamani, vyote vilifunikwa vitambaa vyeupe alivyofuma kwa mkono wake. "Vumbi la hapa halipigi hodi," alikuwa akisema, sindano ikienda bila yeye kuitazama. Kazi yangu kila Ijumaa asubuhi ilikuwa kuvivua vyote, kuvifua kwa sabuni ya mche, kuvianika uani na kuvirudisha kabla watu hawajatoka msikitini. Mgeni akikuta redio iko uchi, aibu ilikuwa ya bibi.

Kompyuta aliileta kaka yangu, kuukuu, kutoka duka la intaneti lililofungwa. Mimi na yeye tulikuwa na ligi yetu kwenye gemu ya mpira, padi moja ya kuchezea yake, moja yangu, na ligi ile ilikwenda pole pole kwa sababu kaka alikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Mwaka ninaousema alikuwa porini Ipole akiwasaidia warina asali. Alirudi Jumamosi, ananuka moshi na nta, dumu la asali mkononi, na kadi mpya ya grafiksi kaifungia ndani ya shati. Ijumaa alfajiri angepanda treni ya Mpanda kwenda machimboni, na hakujua atarudi lini.

"Ligi tunaimaliza kabla sijaondoka," aliniambia. "Na safari hii gemu itakuwa laini, utaona."

Aliipachika ile kadi jioni, umeme ukiwa umekatika. Bibi alifurahi kuliko sisi. Asubuhi tulikuta ameshaivalisha kompyuta kitambaa kipya, kipana, na ndani amekishonea bitana ya kanga ili vumbi likose pa kupita. Kilifunika juu, ubavuni na nyuma mpaka chini, kikabakiza kitufe cha kuwashia tu. "Kitu kipya, nguo mpya," alisema, na sisi tukamshukuru sana.

Tukawasha. Mechi ilianza vizuri, kabla ya mapumziko picha zikaanza kukatika. Kaka akaichomoa kadi, akasugua meno ya kadi, yale yanayoingia tunduni, kwa kifutio cha penseli, akarudisha. Bibi akaivalisha, tukawasha, ikaganda. Kaka akafuta kila kitu ndani ya kompyuta na kukiweka upya, ligi yetu tu akaihifadhi pembeni. Bibi akaivalisha, tukawasha, ikaganda. Mimi nilikuwa naomba dua kimoyomoyo, maana siku zilikuwa zinakwisha na nilimwona kaka anavyotafuna midomo.

Jumatano tulimwita fundi. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu, karibu." Bibi hakukubali mgeni ahangaike na kitambaa, akakivua mwenyewe na kukikunja mapajani. Fundi akacheza mechi nzima na kaka, laini kabisa. "Mbona nzima hii? Vijana, msinifanyie utani," akasema, akanywa chai yake na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, akaenda zake. Bibi akairudishia nguo. Kufika alasiri, ikaganda.

Utaniuliza, hamkuona? Hatukuona. Kitambaa pale nyumbani hakikuwa kitu cha kutazamwa, kilikuwa kama ukuta.

Alhamisi kaka aliweka padi chini. "Nimeuziwa feki," akasema. "Nimeumwa na nyuki msimu mzima, halafu nimeuziwa feki." Hakula siku ile. Ijumaa alfajiri nilimsindikiza stesheni, na yeye aliyezoea kunitania njia nzima alitangulia mbele mpaka mlangoni mwa behewa. "Ligi itasubiri," akasema, bila kunitazama.

Nilirudi nikafua vitambaa, ndiyo kazi ya Ijumaa. Nilipomaliza kuanika nyumba ilikuwa kimya mno, nikawasha gemu ili nisikie kelele tu. Ikaenda. Nikasubiri igande, haikuganda. Nikaweka kiganja juu ya kompyuta, feni ikanipulizia hewa ya moto, nikageuka nikatazama kamba ya nguo uani, kitambaa chake kikidondosha maji. Rafiki yangu, nilikimbia mpaka barabarani, sijui nikidhani treni itaitika. Nikapiga simu, hapatikani. Labda treni ilikuwa imeshapita Kaliua, porini kusiko na mtandao.

"Kumbe imepona?" bibi aliniuliza niliporudi.

"Imepona, bibi."

"Alhamdulillahi. Kikikauka, uivalishe."

Sikumwambia. Nani angemwambia? Kaka alipiga simu mara moja tu, kwa simu ya mtu, akamsalimia bibi, na kabla sijapewa niongee mtandao ukakata. Tangu hapo namba yake haipatikani, na waliotoka machimboni kila mmoja ana habari yake. Bibi alifariki akiwa bado anauliza kama kaka amepiga. Vitambaa vyake waligawana majirani, nyumba ina wapangaji, na redio siku hizi imo ndani ya simu, haivai kitu.

Shida ya kwangu ya juzi ilikuwa waya wa skrini tu, niliuchomeka kwenye tundu la zamani la kompyuta badala ya kwenye kadi mpya. Nilipouhamisha, gemu ikawa laini. Ligi yetu ninayo bado, nimeihamisha kompyuta hadi kompyuta. Nikaifungua. Ikaniomba mchezaji wa pili abonyeze kitufe, nikaiacha iombe mpaka nikachoka kuitazama.

Kaka, popote ulipo, hawakukuuzia feki. Ilikuwa nzima. Ilikosa hewa tu.