Kadi Arobaini na Moja za Jembe

Kosa lilikuwa langu, nakiri mapema. Dada yangu alikuwa amerekodi nyimbo tisa kati ya kumi za albamu yake ya kwanza, na prodyuza, mwenye studio nyuma ya duka la vipuri mjini, alikuwa amezikalia kama kuku anayeatamia. "Malizia hela, tumalize na wimbo wa kumi," alisema. Kwa hiyo dada akaomba ukumbi wa parokia Jumamosi mchana, aimbe, watu walipe kiingilio. Mimi nikapewa kazi ya kuandika matangazo.

Sasa, mtaani kwetu Malangali akina mama wa kikundi cha kulimiana wana pesa yao wenyewe. Ni kipande cha boksi chenye muhuri na jina la aliyekitoa. Kadi moja ni asubuhi moja ya kumlimia yeyote anayeishika. Unasukwa nywele kwa kadi, unapata sado ya maharage kwa kadi, inazunguka hivyo mpaka mtu aamue kuita jembe, yaani kudai alimiwe. Nami, kwa utundu uleule uliokwisha kunitoa darasani mara mbili, nikaongeza chini ya tangazo: "Hata kadi za jembe zinapokelewa." Nilidhani watacheka.

Walijaa. Katekista mwenyewe nilimwona akitikisa bega, kisha akajifanya anakohoa. Jioni ndoo ya kiingilio ilikuwa na kadi arobaini na moja, na shilingi za kutosha soda tatu.

"Umeniua, wewe," dada alisema. Nilishakuwa mlangoni, mguu mmoja nje. Lakini hakunifukuza. Alizipanga kadi mezani, akazitazama, kisha akasema, "Kesho tunakwenda kwa prodyuza. Na wewe utazibeba."

Prodyuza alishika kadi moja akaigeuza. "Hii nikaipeleke benki gani?"

"Kaka, lile shamba lako njia ya Chala umeshaliinulia matuta?" dada akamuuliza.

"Nyasi zimenifika kifuani. Vibarua wananitajia bei za kujengea ghorofa."

"Nikulimie lote Jumamosi, deni liishe?"

Alicheka mpaka akashika spika. Kisha akaacha kucheka. "Lote. Likibaki kipande, nyimbo nazifuta."

Nyumbani mama, ambaye ndiye katibu wa kikundi, alisikiliza huku anachagua ulezi. "Watakuja, majina yao yako kwenye kadi. Ila sheria unaijua. Anayeita jembe ndiye anayeongoza mstari. Ukiweka jembe chini kabla shamba halijaisha, kila mtu anarudi kwake, na kadi zimekufa."

Dada alitazama kucha zake za gundi. Usiku ule alizibandua kwa maji ya moto, moja moja.

Jumamosi walikuja wote arobaini na mmoja, na mimi wa kubeba togwa, nikapewa jembe pia kama adhabu. Kazi yenyewe ni ya kuvunja mgongo: unakata nyasi na udongo wake, unazilaza, unazifukia, tuta linapanda. Dada alikuwa mbele. Kufikia tuta la ishirini alikuwa anapumua kama pampu ya baiskeli.

"Staa, mgongo huo ni wa kukatikia tu?" akapiga kelele bibi mmoja aliyekuwa ameshampita kwa nusu tuta.

"Shikamoo bibi. Subiri utaona."

"Marahaba. Basi tuimbie, tuchangamke!"

"Kuimba mlilipia Jumamosi iliyopita. Leo nalima."

Walicheka, mstari ukaenda. Mvua ikapiga, ikaacha. Malengelenge ya dada yakapasuka. Akafunga mpini kwa kitambaa cha kichwani. Nilimwambia apumzike kidogo, mimi nishike nafasi yake, nani atajua?

"Wote watajua," alisema. "Lima."

Jua lilikuwa limepita utosi tulipofukia nyasi za mwisho. Prodyuza alifika na bodaboda, akasalimiana na dada, akazunguka shamba lote akitafuta kipande kilichobaki. Hakukiona.

"Sawa," alisema. "Deni limekwisha. Wimbo wa kumi tutaurekodi wiki ijayo, ukipona. Sauti yenyewe imekauka hivyo."

"Leo," dada alisema, kwa sauti iliyokwaruza kama karanga kavu.

"Umejaa matope."

"Maiki yako inanusa?"

Akapanda nyuma ya bodaboda na matope yake, akaniachia jembe lake na ndoo ya togwa, wakaondoka kuelekea mjini.