Mama Wawili Kwenye Mkeka Mmoja

Siku ya kwanza mwalimu aliuliza, "Mama ya huyu ni nani?" tukasimama wawili. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha mtoto. Mwenzangu, nyanya yake, alikuwa amemshika mtoto mwenyewe. Mwalimu alituangalia, akaandika kitu daftarini, akasema tukae pamoja.

Lilikuwa darasa la kina mama na watoto ambao hawajafika umri wa nasari. Tulikutana Jumatano na Ijumaa asubuhi katika ukumbi wa kanisa pale Migori, miaka ya tisini, nami nikiwa na miezi minne tu ya ndoa. Watoto walicheza na vifuniko vya soda na mikebe mitupu, wakaimba, wakanywa uji. Sisi tulikaa nao mkekani tukifundishwa kucheza na watoto, jambo ambalo wengi wetu tulidhani halifundishwi.

Mume wangu, fundi wa redio, alikuwa amefiwa na mke wake wa kwanza. Binti yao alikuwa na miaka miwili na nusu, na tangu akiwa wa miezi mitano alilelewa na mama wa marehemu, upande wa Homa Bay. Tulipooana, mume wangu alitaka mtoto arudi nyumbani. Yule nyanya hakukataa. Alisema tu kwamba mtoto si mzigo wa kushushwa stendi. Angekuja naye, akae kwetu hadi mtoto amzoee mgeni. Mgeni ndiye mimi.

Mimi ni Mkuria. Kijaluo changu kilitosha kununua samaki, basi. Mtoto naye hakujua lugha nyingine.

Siku moja mwalimu alitwambia tuwaviringishie watoto mpira, nao waturudishie. Nikamviringishia wangu. Akauchukua, akautazama, akampa nyanya yake. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu mama aliyekaa karibu nami aliinama akajifanya anamfunga mwanawe kamba za viatu, na yule mtoto hakuwa na viatu.

Niliinuka nikaenda nje penye tangi la maji, nikaanza kuosha kile kikombe. Niseme ukweli: nilimwonea wivu yule mama mzee. Na vibaya zaidi, nilimwonea wivu marehemu, mtu ambaye sikuwahi hata kumwona.

"Hiyo kikombe imeshakuwa safi," nyanya alisema nyuma yangu.

"Mama, huyu mtoto hanitaki."

Alifungua leso yake, akaifunga upya kiunoni. "Mama yake alipokufa, mtoto hii ilikataa maziwa siku tatu. Ilikataa mkono yangu. Na ni mimi nilizaa mama yake. Unafikiri nilifanya nini?"

"Ulimlazimisha?"

"Nilikaa hapo karibu. Mpaka akachoka kunikataa." Akanichukulia kikombe, akamwaga maji. "Twende ndani, nyara."

Nyara ni jina la Kijaluo la kumwita binti yako wa kumzaa. Hilo nililijua. Nilimfuata ndani nikijipangusa uso.

Jumatano iliyofuata hakukaa mkekani. Alienda kwenye benchi mlangoni, akapokea mtoto mchanga wa mama mwingine, akatugeuzia mgongo. Wetu akalia mpaka na wenzake wakaanza kulia. Mimi nikakaa karibu naye, mikono mapajani. Ilikuwa kazi ngumu, maana kila mtu alikuwa akiniangalia. Kilio kikapungua, kikabaki kwikwi. Kisha akainuka, akaja akasimama mbele yangu, mikono yote miwili juu.

"Ting'a."

Sikuelewa. Nikampa kikombe, akakisukuma. Nikampa mpira, akautupa.

"Ting'a!"

"Anasema umbebe," nyanya alisema kutoka kwenye benchi, bila kugeuka.

Nikambeba. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Hakunikumbatia. Aliegemeza tu kichwa begani, machozi na kamasi vikaingia kwenye blauzi yangu nzuri, nami nikasimama katikati ya ukumbi nikiogopa hata kupumua. Mwalimu aliendelea kuwaimbisha wengine.

Kwa wiki kadhaa baada ya hapo aliniita Ting'a, kana kwamba ndilo jina langu. Majirani walicheka. Sikumrekebisha. "Mama" ilikuja yenyewe asubuhi moja akitaka chumvi kwenye yai. Baba yake alikuwa akinywa chai na hakusikia kitu. Nikampa chumvi, nikatoka nje kidogo.

Nyanya alirudi Homa Bay mwezi huo huo. Stendi mtoto alikula ndizi yake kwa utulivu. Aliyelia ni mama mzee. "Mpeleke nyumbani, jua ni kali," alinifokea, akapanda gari.

Mwezi wa Desemba alikuja na furushi la omena, dagaa wa ziwani, na pesa za sare ya nasari. Mtoto alijificha nyuma ya sketi yangu. Mama mzee alicheka sana, lakini niliona amegeuka kutafuta kitu kwenye mfuko ambao ulikuwa mtupu. Kufikia saa ya chakula mtoto alikuwa mapajani pake, wakibishana kwa Kijaluo juu ya kichwa cha samaki. Kesho yake tulienda wote watatu kwa fundi cherehani. Mimi nilitaka sare imkae vizuri. Nyanya alisema iongezwe upana na urefu, na fundi akamsikiliza yeye.

Januari nilimpeleka nasari. Mwalimu mpya alimuuliza jina. Akalitaja kwa sauti kubwa, pamoja na la baba yake, kisha akauliza uji uko wapi.